Madoa ya manjano kwenye kope: utamjuaje daktari wa kumwamini?

Madoa haya bapa ya manjano, ambayo mara nyingi huanzia kope ya juu upande wa pua, hayaumi wala hayawashi. Mtu hukaa nayo miaka, halafu harusi ikikaribia anataka yatoke wiki hiyo hiyo. Sisi madaktari wa ngozi tunayaita zantelasma: ni mafuta, hasa lehemu (kolesteroli), yaliyojazana kwenye chembe zilizo chini ya ngozi.

Ukimpata daktari wa ngozi, angalia anaanza na nini. Akikimbilia leza kabla ya kukupima mafuta ya damu, sukari na shinikizo, tafuta mwingine. Karibu nusu ya wenye madoa haya lehemu yao ni ya kawaida, lakini hata wao nawaambia wauangalie moyo. Utafiti wa Copenhagen uliochapishwa 2011, uliofuatilia watu zaidi ya 12,000 tangu miaka ya 1970, ulionyesha kuwa wenye madoa hupata zaidi shambulio la moyo, hata lehemu yao ikiwa sawa na ya wengine.

Kwa doa dogo natumia TCA, asidi kali inayounguza doa. Unalala chali umefumba macho, nazungushia doa mafuta mazito, kisha naligusa kwa kijiti cha pamba kilichokamuliwa hadi kisidondoshe. Ngozi inageuka nyeupe papo hapo. Baadaye linafanyika gaga, na kwa kawaida huanguka lenyewe baada ya wiki moja hivi. Usilibandue. Kwenye ngozi nyeusi panaweza kubaki peupe au peusi zaidi, kwa hiyo omba uone picha za wagonjwa wa rangi yako. Doa kubwa la kukatwa nampelekea mpasuaji wa macho, kwani ngozi ikiondolewa nyingi jicho halifungi vizuri.

Tafadhali, dawa za chunjua za madukani zisikaribie kope. Zinaunguza, na zikiingia jichoni zinaharibu kioo cha jicho.

Kwa Tanzania, kituo cha mafunzo ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kinafundisha wataalamu tangu 1992. Ukiwa mbali, ulizia kliniki ya ngozi katika hospitali ya rufaa ya mkoa wako. Uliza pia gharama ya kurudia tiba, maana madoa haya hurudi, hasa kwa aliye nayo kwenye kope zote nne.