Umeitwa Kamati ya Nidhamu: yanayosemwa hosteli na yaliyo kweli

Barua yenyewe huja kwenye bahasha ya kaki. Wengine huitwa ofisi ya mshauri wa wanafunzi wakasaini daftari, wengine huletewa hadi mlangoni. Ndani kuna namba ya kumbukumbu, kosa unalotuhumiwa, na siku ya kufika mbele ya Kamati ya Nidhamu. Kuanzia hapo hadi siku ya kikao, mwanafunzi hupewa ushauri na kila anayepita kordo, na mwingi wa ushauri huo ndio unaomzamisha.

Niliwahi kukaa kwenye kamati ya namna hiyo kwa mwaka mmoja wa masomo, nikiwawakilisha wanafunzi, hapa hapa Dodoma. Chuo sikitaji, na wala si lazima. Mji huu una vyuo vingi: Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, vyote vilivyoanza 2007, kuna Mipango, yaani Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, kuna CBE, Chuo cha Elimu ya Biashara, na ukienda Hombolo unakuta Chuo cha Serikali za Mitaa. Kila kimoja kina kanuni zake. Ila maneno niliyoyasikia kordoni kwetu nayasikia hadi leo kwa vijana wa vyuo vyote hivyo.

"Kikao ni geresha, adhabu imeshaandikwa"

Naanza na hili kwa sababu limewaumiza wengi kuliko yote. Anayeliamini haandiki utetezi, hatafuti shahidi, na siku ya kikao anaingia na uso wa mtu aliyekuja kuchukua hukumu yake.

Mwezi Julai mmoja, wakati ule upepo wa Dodoma unapopuliza vumbi hadi kwenye meno, aliitwa binti wa mwaka wa pili. Alituhumiwa kukutwa na jiko la koili chumbani na kuunguza soketi. Tulipomuuliza utetezi wake wa maandishi uko wapi, alitoa barua aliyoikunja mara nne. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umechakaa kwa kufunguliwa na kufungwa. Wa pili ulikuwa mpya kabisa, mkunjo wake bado mkali. Hakuwahi kuusoma. Ukurasa huo ndio uliosema ana siku saba za kujibu kwa maandishi, anaweza kuja na shahidi, na anaweza kuomba kuiona ripoti ya tukio. Wenzake wa chumbani walimwambia asijisumbue.

Mazungumzo yakiendelea, akasema kwa sauti ndogo kwamba soketi ile ilikuwa inatoa cheche tangu Machi na alishaiandikisha kwenye daftari la matengenezo pale chini kwa janita. Mwenyekiti akaahirisha kikao, daftari likaletwa, na kweli jina lake lilikuwemo, na namba ya chumba, na maneno "soketi inarusha moto". Jiko lilikuwa lake na alilikiri, akalipa faini. Gharama ya waya zilizoungua hakubebeshwa. Kama asingefungua mdomo, angezilipa zote, na kosa la uharibifu wa mali lingebaki kwenye faili lake.

Haki ya kusikilizwa si fadhila ya mwenyekiti. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, ibara ya 13(6)(a), inasema kwamba haki na wajibu wa mtu vinapotakiwa kuamuliwa na mahakama au chombo kingine kinachohusika, mtu huyo ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Soma vizuri hapo kwenye "chombo kingine". Kamati ya Nidhamu ni chombo cha aina hiyo. Ibara hiyo hiyo, kipengele (b), inakataza kumtendea mtuhumiwa wa kosa la jinai kama mkosaji kabla halijathibitika, na ingawa kipengele hicho kinazungumzia jinai, kamati yenye busara huishi kwa roho yake.

Wanaosoma sheria hufundishwa kesi ya Dakta Bentley wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, ya 1723. Chuo kilimvua shahada zake bila kumsikiliza, mahakama ikaamuru arudishiwe. Jaji mmoja alikumbusha kwamba hata Mungu hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita ajieleze. Kesi yenyewe, basi, ilitokana na nidhamu ya chuo kikuu. Miaka zaidi ya mia tatu imepita, na bado tuna wanafunzi wanaoitwa wajieleze nao wanachagua kunyamaza.

"Wodeni akikuchukia, umefukuzwa chuo"

Hapa watu huchanganya mambo matatu. Kuondolewa hosteli ni kupoteza kitanda, masomo yanaendelea. Kusimamishwa ni kukaa nje kwa muda uliotajwa, kisha kurudi. Kufukuzwa ni mwisho wa safari pale chuoni. Na kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, ambako wengi hukutaja wakizungumzia nidhamu, ni jambo la matokeo ya mitihani tu.

Kwa kawaida wodeni anaweza kuonya, kuchukua kifaa kisichoruhusiwa, na kuandika ripoti. Adhabu nzito hutoka juu zaidi yake, kwenye kamati au mamlaka ambayo kanuni za chuo zimeitaja. Tena wodeni aliyeandika ripoti ni shahidi kwenye shauri lako, na hapaswi kuketi upande wa waamuzi. Ukimkuta ameketi huko, sema mwanzoni kabisa, kwa adabu, na uombe pingamizi lako liandikwe kwenye muhtasari. Ukinyamaza hadi hukumu itoke ndipo ulalamike, utaulizwa ulikuwa wapi.

"Kubebana si kosa, ni utu"

Kubebana ni kumlaza chumbani kwako mwenzako asiyepangiwa chumba hicho. Kwamba ni utu, nakubali kwa moyo wote. Vitanda havitoshi, mwenzako amekosa nafasi, boom, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo, haijaingia, na mwenye nyumba Ng'ong'ona au Makulu anataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Anakuja na begi saa mbili usiku. Utamwambia alale wapi?

Lakini kwa kanuni za hosteli nyingi ni kosa, na sababu zake si za kubuni. Chumba umepewa kwa jina lako na namba yako ya usajili. Moto ukitokea usiku, watu huhesabiwa kwa orodha, na aliyelala kwenye godoro la chini kati ya vitanda viwili hayumo kwenye orodha hiyo. Kompyuta ya mtu ikipotea, wa kwanza kushukiwa ni yeye, hata kama mikono yake ni safi. Halafu kuna maji. Dodoma ni nchi kame, mvua yake ni ya msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na aliyewahi kuishi ghorofa ya tatu anajua foleni ya ndoo inavyokuwa Oktoba. Bloku ikilaza watu mara moja na nusu ya hesabu yake, tangi linakauka kabla ya wa mwisho kuoga.

Nilichogundua kikaoni ni kwamba wengi hudhani anayeadhibiwa ni mgeni. Anayeulizwa kwanza ni aliyembeba, kwa sababu ndiye aliyesaini fomu ya malazi. Anaweza kupoteza kitanda yeye, na wote wawili wakajikuta nje.

Kuna tofauti nyingine ambayo utetezi wako ni lazima uionyeshe waziwazi: kumhifadhi mwenzako bure ni jambo moja, na kumpangisha kitanda cha chuo kwa pesa ni jambo jingine kabisa. La pili ni biashara juu ya mali isiyo yako, na kamati haiwezi kulionea huruma. Kwa la kwanza, mimi naona kumtoa mtu hosteli kwa sababu alimlaza mwenzake wiki mbili akisubiri boom ni adhabu kubwa kuliko kosa. Nilisema hivyo kikaoni zaidi ya mara moja. Mara nyingine nilisikilizwa. Na kila mara aliyepona ni yule aliyekwenda mwenyewe ofisi ya malazi, au kwa waziri wa malazi wa serikali ya wanafunzi, akaeleza hali ya mwenzake kabla hajakutwa na ukaguzi.

"Chumba nimelipia, hakuna wa kuingia"

Hujapanga nyumba ya mtu. Fomu uliyosaini baada ya kulipia ile namba ya malipo, kwa kawaida, ina kifungu kinachoruhusu ukaguzi. Faragha yako bado ipo, na ibara ya 16 ya Katiba inailinda. Kwa hiyo una haki ya kuuliza anayekagua ni nani na ametumwa na nani, kuwepo wakati wa ukaguzi inapowezekana, na kuomba kila kinachochukuliwa kiandikwe.

"Polisi wameniachia, basi kesi imekufa"

Hizi ni njia mbili. Bhangi ikikutwa chumbani, kuna Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, ambayo ni kazi ya polisi na mahakama, na kuna kanuni za chuo, ambazo ni kazi ya kamati. Mahakama ya jinai hutaka kosa lithibitishwe pasipo shaka ya maana. Kamati haina mzigo mzito kiasi hicho, na inaweza kukukuta na hatia ya kinidhamu hata kama shauri la polisi halikufika popote. Kinyume chake pia ni kweli: kamati kukusamehe hakufuti jinai.

Na kwa waliopanga mtaani, wanaoamini kwamba geti la chuo ndilo mwisho wa kanuni: vyuo vingi vimeandika kwamba mwenendo wa mwanafunzi nje ya chuo, ukikigusa chuo au wanafunzi wenzake, unahesabika. Mwenyekiti wa mtaa akiandika barua, barua hiyo hufika.

"Mambo ya chumbani yanamalizwa chumbani"

Kugombania zamu ya kudeki, ndiyo, yamalizeni. Kupigwa, kuibiwa, kutishiwa kurushwa kwa picha zako, kushikwashikwa bila ridhaa, hapana. Nimeona binti akikalishwa kitandani na wenzake sita wakimwomba amsamehe aliyemvamia, eti kijana wa watu atapoteza chuo. Walimbembeleza hadi saa tisa usiku. Hakuna aliyemuuliza yeye amepoteza nini.

Makosa ya kujamiiana ni jinai. Tangu 1998 nchi hii ina sheria mahususi juu yake, na kikao cha wana-chumba hakina mamlaka ya kuyasuluhisha. Nenda hospitali mapema, nenda kituo cha polisi ukapewe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, nguo zihifadhi bila kuzifua, na kwenye vyuo vyenye dawati la jinsia, toa taarifa huko. Huhitaji kuwa na shahidi aliyeona kwa macho ndipo ulalamike. Ujumbe wa simu, hali uliyokutwa nayo, mtu wa kwanza uliyemweleza, vyote ni ushahidi.

"Nitampigia mjomba wizarani"

Dodoma ni mji wa serikali, na karibu kila mtu anamfahamu mtu wa Mtumba, ziliko ofisi za wizara. Simu hizo hupigwa, sikatai. Lakini kamati huamua kwa kilichomo kwenye faili, na simu haiingii kwenye faili. Mzazi anayetaka kusaidia amsaidie mwanawe kuandika utetezi: nini kilitokea, saa ngapi, nani alikuwepo, nini anakikubali na nini anakikataa. Ukurasa mmoja au miwili inatosha. Kukiri kosa ulilotenda kweli hupunguza adhabu mara nyingi. Kukiri kosa usilotenda ili "yaishe" ni kujifunga mwenyewe, kwa sababu rufaa dhidi ya kukiri kwako ni ngumu mno.

Kuhusu wakili, angalia kanuni za chuo chako. Vyuo vingine huruhusu mwanafunzi mwenzako akusindikize na kukusaidia, vingine hutaka ujieleze mwenyewe. Mwakilishi wa wanafunzi ndani ya kamati si wakili wako. Mimi nilikuwa na kura pale, na nililazimika kusikiliza pande zote.

"Rufaa ni kupoteza muda"

Barua ya uamuzi inapaswa kukuonyesha kosa lililothibitika, adhabu, na mahali pa kukata rufaa pamoja na muda wake. Muda huo huwa mfupi, na huko juu adhabu hupunguzwa au shauri hurudishwa lisikilizwe upya, hasa pale ambapo mtuhumiwa hakupewa barua ya tuhuma kwa wakati au alinyimwa nafasi ya kumwita shahidi. Zikiisha ngazi za chuo, iko Mahakama Kuu, ambayo ina masjala hapa hapa Dodoma. Huko unaomba kwanza kibali ndani ya miezi sita tangu uamuzi, ndipo uombe mapitio. Majaji hawatauliza kama kweli ulikuwa na jiko. Watauliza kama ulisikilizwa, kama waliokuamulia walikuwa na mamlaka, na kama walifuata kanuni zao wenyewe.

Ndiyo maana siku unapopewa barua yoyote, ya wito au ya uamuzi, iandike tarehe uliyoipokea kwa kalamu juu ya bahasha ileile ya kaki, piga picha kurasa zote, na utetezi unapoupeleka uwe na nakala mbili: moja wabaki nayo, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo chumbani.