Mwanahisa akikagua si ukaguzi wa hesabu

Jumamosi nilikuwa kwenye mkutano wa kampuni ndogo ya wakulima wa parachichi, huku Uyole, Mbeya. Mzee mmoja akasimama, koti amelifunga vifungo hadi shingoni, akasema: "Mimi ni mwanahisa, nina haki ya kukagua kumbukumbu za kampuni. Leteni vitabu vya hesabu na risiti zote, nikae navyo hapa." Mwenyekiti akajibu: "Mzee wangu, ukaguzi una wenyewe. Mwanahisa haruhusiwi kuona chochote." Wote wawili walikosea, na kosa hili nimelisikia mara nyingi mno.

Haki ya kukagua ni haki ya mwanahisa kufunguliwa na kusoma nyaraka zilizotajwa na Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002. Kubwa ni mbili: rejista ya wanahisa, yaani daftari la majina na hisa zao, na mihtasari ya mikutano mikuu. Anazisoma bure, saa za kazi.

Tatizo limo kwenye neno lenyewe. Rais akikagua gwaride anapita mbele ya askari akiwatazama, hahesabu risasi zao. Mwalimu wa zamu akikagua kucha mstarini anatazama vidole, basi. Kukagua ni kuona kwa macho yako mwenyewe badala ya kusimuliwa. Lakini kila mwaka tunasikia ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na neno limeanza kunukia fedha zilizopotea. Sasa mwanahisa akitamka "kukagua", mwenyekiti anasikia "mwizi", naye mwanahisa anajiona amekuwa mkaguzi wa hesabu.

"Kumbukumbu" nalo linachanganya. Katibu akisema kumbukumbu anamaanisha yale aliyoandika kikaoni, yaani muhtasari, neno lililotoka kwenye Kiarabu likiwa na maana ya kitu kilichofupishwa. Mhasibu akilisema anafikiria stakabadhi na leja, yaani daftari la hesabu. Sheria inazitenganisha. Muhtasari wa mkutano mkuu ni wa wanahisa wote, kwa kuwa mkutano ni wao. Ule wa bodi ya wakurugenzi haumo kwenye haki hii. Leja na risiti ziko wazi kwa wakurugenzi. Mwanahisa anazifikia iwapo katiba ya kampuni inasema hivyo, au wakurugenzi wakikubali, au mkutano mkuu ukiamua.

Hilo halimwachi gizani. Anastahili kupata nakala ya hesabu za mwaka pamoja na ripoti ya mkaguzi kabla ya mkutano mkuu, na mkaguzi huyo kwa kawaida huteuliwa na wanahisa wenyewe kwenye mkutano huo.

Hisa, kwa asili yake ya Kiarabu, ni fungu. Mwenye fungu la kampuni hana fungu la kabati la ofisi: vitabu ni mali ya kampuni, ambayo mbele ya sheria ni mtu anayejitegemea. Mwenye hisa za SACCOS (ushirika wa akiba na mikopo) au za VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa) pale Mwanjelwa atazame sheria nyingine kabisa, hizo si kampuni.

Kwa mwenyekiti nasema kwa heshima: rejista ya wanahisa hata mtu wa nje anaweza kuiona akilipa ada. Utamfungiaje mwenye hisa? Ukimkatalia, mahakama inaweza kuamuru umfungulie.

Na wewe mzee wangu, haki unayo, ila uliielekeza kwenye kabati lisilo lake. Safari nyingine andika barua fupi: "Naomba kuona rejista ya wanahisa na kitabu cha mihtasari ya mikutano mikuu." Ukifunguliwa, anza na jina lako, utazame idadi ya hisa iliyoandikwa mbele yake. Halafu tafuta mkutano uliopitisha jambo linalokusumbua, tuseme mauzo ya gari la kampuni. Kama bado unazitaka risiti, omba ajenda hiyo iwekwe kwenye mkutano mkuu, wenzako wapige kura.