Je, mwili huzoea antibiotiki?

Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba mtu akinywa antibiotiki mara kwa mara, mwili wake huizoea, kisha dawa haimponyi tena. Imani hii inaeleweka: zipo dawa ambazo mwili huzizoea kweli, kama zile kali za maumivu. Kwa antibiotiki, anayebadilika ni bakteria.

Bakteria aina ya E. coli, akipata joto na chakula cha kutosha, hugawanyika takriban kila dakika 20. Kila anapogawanyika hunakili jeni zake, yaani maelekezo ya urithi; katika kunakili huko makosa madogo hutokea, na mojawapo laweza kumfanya awe sugu, yaani asidhibitiwe na dawa, hata kabla dawa haijamgusa. Mwaka 1952 watafiti nchini Marekani walionyesha jambo hili kwa njia nzuri ajabu. Waligandamiza kitambaa cha mahameli kwenye sahani ya maabara iliyoota bakteria, kisha wakakigusisha kwenye sahani zenye dawa. Walionusurika waliota mahali palepale katika kila sahani. Waliporudi kwenye sahani ya kwanza, isiyo na dawa, wakawakuta sugu mahali hapohapo. Dawa haikuwafundisha kitu. Iliwaua wenzao tu.

Tena bakteria hupeana jeni hizo za usugu. Ndiyo maana hata mtoto ambaye hajawahi kumeza dawa fulani anaweza kuugua kwa bakteria sugu.

Mkojo wako ukioteshwa maabara ili kutafuta bakteria, omba kuiona karatasi ya majibu. Mara nyingi kila dawa huandikiwa S, yaani inamdhibiti bakteria, au R, yaani bakteria ni sugu kwake. Aliyepimwa pale ni bakteria, si mwili wako.