Mawindo ya Kulungu kwa Upinde Mwanzoni mwa Msimu: Namna Ninavyopanga Safari ya Mbuga za North Dakota

Mwindaji aliyezoea misitu ya Minnesota anapofika kwa mara ya kwanza magharibi mwa North Dakota hudhani kwamba kazi imekuwa nyepesi, kwa kuwa akisimama juu ya kilima kimoja anaweza kuwaona kulungu wanne au watano wakila umbali wa kilomita mbili mbele yake. Upinde, hata hivyo, haujali macho yanafika wapi. Mshale wa kuua upesi na kwa uhakika hupigwa kutoka mita 20 au 30, na katika nchi ambayo majani hayapiti magoti, mita hizo za mwisho ndizo zinazoamua kila kitu. Ninafundisha kozi ya uwindaji wa upinde kwa kujitolea, na wanafunzi wangu wanaponiuliza wapi kuna kulungu wengi, mimi huwarudishia maswali mawili: ni kulungu gani anayeweza kufikiwa, na akishaanguka, nyama yake itafikaje kwenye barafu kabla haijaharibika? Katika nchi usiyoifahamu, mpango unaofaa huanzia mwisho wa mawindo ukarudi nyuma.

Nianze basi na nyama. Msimu wa upinde wa North Dakota hufunguliwa siku ya Ijumaa, mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, saa sita mchana kwa saa za Kanda ya Kati, jambo linalowachanganya wageni kwa sababu nchi ya makorongo inayozunguka mji wa Medora hufuata saa za Kanda ya Milima, na kwa hiyo huko huwa ni saa tano. Wakati huo joto la nyuzi 30 za Selsiasi na zaidi si jambo la kushangaza, na nzi hawajapungua. Dume mkubwa akishachunwa na kutolewa mifupa huacha kilo 25 hadi 35 za nyama, yaani mizigo miwili ya mgongoni kwa mtu mmoja, kupanda na kushuka makorongo, pengine usiku. Ndiyo maana duara la kwanza ninalolichora kwenye ramani halihusu kulungu hata kidogo: ni duara la kilomita mbili, au tatu kwa kijana mwenye mgongo imara, kutoka mahali ambapo gari linaweza kuegeshwa kihalali. Kilicho nje ya duara hilo nakiacha mpaka baridi ya Oktoba, hata kiwe kizuri namna gani. Makasha ya barafu hubaki garini yakiwa na madumu ya maji yaliyogandishwa nyumbani, kwa kuwa barafu ya vipande ikiyeyuka huilowesha nyama, ilhali dumu hubaki limefungwa na maji yake hunywewa baadaye.

Linalofuata ni suala la mahali unaporuhusiwa kukanyaga. Kwa mujibu wa sheria ya ardhi ya 1785, nchi hii ilipimwa kwa miraba ya maili moja kwa maili moja, kila mraba ukiwa na ekari 640, na hadi leo barabara nyingi za changarawe hufuata mistari hiyo. Little Missouri National Grassland, eneo la umma lenye zaidi ya ekari milioni moja na lililo kubwa kuliko yote ya aina yake Marekani, lilitokana kwa sehemu kubwa na mashamba yaliyowashinda wenyewe wakati wa ukame na mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, ambayo serikali kuu iliyanunua na baadaye, mwaka 1960, ikayapa hadhi ya mbuga za taifa za malisho. Kwa kuwa si kila mkulima aliyeuza, ardhi ya umma na ranchi za watu binafsi zimepishana kama vyumba vya bao la drafti, na mwindaji anayefuata mnyama huku macho yameinamia nyayo anaweza kuvuka mpaka bila kujua. Katikati ya nchi hiyo hiyo kuna Hifadhi ya Taifa ya Theodore Roosevelt, ambamo kuwinda kulungu hakuruhusiwi.

Sheria ya jimbo kuhusu ardhi ya watu binafsi inahitaji kusomwa kwa makini kuliko kitu kingine chochote katika mpango huu. North Dakota ni tofauti na Nebraska, ambako huwezi kuwinda kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa yake, iwe na kibao au isiwe nacho. Hapa, ardhi ambayo mwenyewe hakuiwekea zuio huhesabika kuwa wazi kwa mwindaji. Lakini tangu 2021 zuio hilo linaweza kuwekwa kwa njia ya elektroniki, bila kusimamisha kibao hata kimoja shambani. Kutokuona kibao, kwa hiyo, si ruhusa, na ramani ya simu iliyopakuliwa mwaka jana haifai kutegemewa mwaka huu. Vibao vya manjano vyenye umbo la pembetatu huonyesha mashamba ya mpango uitwao PLOTS, ambao huwalipa wenye ardhi ili wawafungulie wawindaji wanaoingia kwa miguu. Mimi hupendelea kumwomba mfugaji ruhusa hata pale ambapo sheria hainilazimishi, kwa kuwa yeye ndiye anayejua ng'ombe wamehamishiwa malisho gani wiki hiyo na ni bwawa gani limekauka. Nenda mchana, vua kofia, jitambulishe jina na unakotoka, na uulize kuhusu malango: lango ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi.

Leseni nitaigusia tu. Nchi hii ina kulungu wa aina mbili, mkia-mweupe anayependa miti ya kando ya mito na mashamba, na masikio-makubwa anayepatikana zaidi kwenye makorongo makavu ya magharibi. Kwa asiye mkazi wa jimbo, leseni ya kumpiga huyo wa pili ina idadi maalumu na huombwa miezi kadhaa kabla. Tangazo la mwaka husika la Idara ya Wanyamapori na Samaki ya jimbo ndilo la kufuatwa, wala si maneno ya rafiki aliyekwenda mwaka juzi.

Ndani ya eneo lililobaki kwenye ramani, ninatafuta vitu vitatu vinavyokaribiana: kivuli, maji na majani mabichi. Mwishoni mwa Agosti mbuga huwa imegeuka rangi ya mchanga, na kijani kilichobaki hujitokeza hata kwenye picha za setilaiti: mashamba ya lusini (majani ya kulishia mifugo) yaliyokatwa yakachipua tena, soya ambayo haijaanza kugeuka manjano, na vichaka vilivyojificha kwenye mikunjo ya vilima. Miteremko inayotazama kaskazini huota miti ya mireteni, na humo, katika kivuli, ndimo madume hulala mchana. Upande wa mashariki na katikati ya jimbo, kivuli hicho mara nyingi ni kazi ya mikono ya watu: kati ya 1934 na 1942 serikali ilipanda zaidi ya miti milioni 200 kuanzia North Dakota hadi Texas ili kuzuia upepo usipeperushe udongo, na mistari ya miti ya namna hiyo, ile iliyosalia, kulungu huitumia kama njia kutoka malalo hadi shambani.

Faida kubwa ya siku za kwanza za msimu ni kwamba madume bado yana ratiba. Hutembea pamoja katika vikundi, huku pembe zao zikiwa zimefunikwa na ngozi laini yenye vinyweleo, na jioni hutoka kwenda kula mahali pale pale kwa siku kadhaa mfululizo. Ngozi hiyo hupukutika katika wiki za mwanzo za Septemba, na muda mfupi baadaye vikundi huvunjika. Mwenye nafasi ya kwenda mara moja tu na aende mwanzoni, kisha atumie jioni zake za kwanza kutazama bila upinde.

Kutazama huko kuna utaratibu wake. Mimi hukaa mbali, kilomita moja au zaidi, jua likiwa mgongoni kwangu, na darubini ikiwa imesimamishwa kwenye miguu mitatu ili mkono usitetemeke. Situmii muda mwingi kuwatazama kulungu wakiwa wazi uwandani; ninachotafuta ni mahali walipotokea na mahali wanapojikunja kulala asubuhi. Dume akishalala, ninahesabu alama kutoka kwake: jiwe jeupe, kichaka cha tatu kutoka ukingoni, ng'ambo ya ufa wenye umbo la mkono. Ninapiga picha kwa simu kupitia darubini, kwa sababu ukishazunguka kilima na kumkaribia kutoka juu, kila kitu hubadilika sura, na jiwe lililoonekana kubwa kumbe mawe kama hilo yako kumi mahali hapo.

Hapo ndipo unapokuja uamuzi ambao wageni wengi huuharakisha. Dume aliyelala mahali ambapo upepo unazunguka, au ambapo macho ya wenzake yanafunika kila mteremko, si wa kufuatwa leo. Asubuhi jua linapopasha makorongo, hewa hupanda. Jioni hupoa na kuteremka. Na kati ya hapo, upepo wa mbuga huvuma kwa nguvu ukiwa na mwelekeo unaoweza kuutegemea. Kwa hiyo mimi hungoja hadi saa nne au saa tano asubuhi, upepo ukiwa umetulia katika mwelekeo mmoja, kisha nakaribia kutoka juu na kwa pembeni, huku upepo ukinipiga shavuni. Ikumbukwe kwamba kivuli huhama: adhuhuri dume husimama, hujinyosha na kubadilisha malalo, na mtu aliyeanza kutambaa akitegemea alama za asubuhi anaweza kumkuta amesimama mita 15 mbele yake akimtazama. Mita mia za mwisho mimi huzitembea bila viatu, kwa soksi nene mbili, nikipapasa mahali pa kuweka mguu, kwa kuwa majani makavu ya Septemba hulia kama karatasi, na kwa kuwa nyoka wa kengele wa mbugani pia hupenda kivuli hicho hicho. Kipima umbali hakikosi mfukoni, maana uwandani jicho hukadiria vibaya.

Asiyependa kutambaa anaweza kungoja majini. Mabirika ya kunyweshea ng'ombe na mabwawa madogo ya ranchi huvuta kulungu wakati wa joto, hasa pasipo na chanzo kingine karibu. Simamisha hema la maficho mbali kidogo na mapito ya ng'ombe, la sivyo watalisugua hadi lianguke. Kabla ya kuamua, zunguka ukingo wa bwawa ukitumia pua. Mwishoni mwa kiangazi usubi wanaozaliana kwenye tope la kingo hueneza ugonjwa wa virusi unaowavujisha kulungu damu ndani ya mwili, na wagonjwa hukimbilia maji na kufia hapo. Mwaka 2021 ugonjwa huo ulienea sana North Dakota. Baridi kali ya kwanza huwaua usubi, lakini msimu wa upinde hufunguliwa kabla yake, kwa hiyo simu kwa ofisi ya wanyamapori ya eneo hilo wiki moja kabla ya safari ni sehemu ya mpango.

Kuhusu mshale wenyewe, nitasema machache. Kigumba chenye makali huua kwa kumwaga damu, hivyo ninangoja mnyama asimame ubavu au ageuke kidogo kunipa mgongo, na sipigi upepo unapokuwa mkali. Akipigwa mapafuni, nusu saa ya kusubiri inatosha. Akipigwa tumboni, hungojwa saa nyingi, na hapo joto na mbwamwitu wadogo wa mbugani hushindana nawe. Kwa wasomaji Waislamu, bismillahi husomwa wakati wa kuachia mshale, na mshale uwe umetoboa kwa ncha yake. Ukimkuta mnyama amefia majini, hadithi ya Mtume iliyopokewa na Adi bin Hatim inakataza kumla, kwa kuwa hujui kilichomuua ni mshale au maji. Hiyo ni sababu nyingine ya kupima mapema mahali hema litakapokaa na upande ambao mnyama atakimbilia.

Mvua ikinyesha, udongo wa mfinyanzi wa huko hugeuka utelezi unaoganda kwenye magurudumu hadi yasizunguke, na hata gari la magurudumu manne hukwama. Egesha penye changarawe. Nyama itolewe mifupa pale pale mnyama alipoanguka, huku uti wa mgongo ukiachwa uwandani pale sheria inaporuhusu, kwa sababu ya ugonjwa wa kudhoofika kwa kulungu, uliogunduliwa North Dakota mwaka 2009. Sampuli ya tezi za shingoni ipelekwe kupimwa, na wataalamu wa afya wanashauri nyama ya mnyama aliyekutwa na ugonjwa isiliwe. Anayerudi Minnesota asivuke Mto Red na mzoga mzima wala kichwa kizima, kwa kuwa jimbo hilo haliruhusu mizoga mizima ya kulungu kuingia kutoka nje; fuvu lenye pembe lisafishwe ubongo wote kabla ya kufungwa garini.