Kukatikakatika kwa mawimbi ya GPS katika ndege ndogo ya kujiundia

Kukatikakatika kwa mawimbi ya GPS ni hali ambayo kipokezi kilichomo ndegeni hushindwa kujua kilipo kwa sekunde au dakika kadhaa, kisha hurudi kufanya kazi bila mtu kugusa chochote. Kipokezi kilichokufa hubaki kimekufa hata kikiwekwa mezani, lakini hitilafu hii hujificha mara tu ndege inapotua. Ndiyo maana wajenzi wengi hukimbilia kununua kipokezi kipya, wakakifunga kwa uangalifu, na safari ya pili wakajikuta palepale.

Setilaiti za GPS huzunguka kiasi cha kilomita 20,200 juu ya dunia, na nguvu ya mawimbi yake inapofika kwenye antena haifikii hata sehemu moja ya trilioni ya miliwati. Ili kujua mahali pamoja na kimo, kipokezi huhitaji setilaiti nne. Kikiwa kinapokea nane au tisa, mbili zikipotea rubani haoni tofauti yoyote. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba hitilafu ilikuwepo kwa miezi kabla ya onyo la kwanza kutokea kwenye skrini. Kwa sababu hiyo, ukurasa wa kifaa unaoonyesha nguvu ya kila setilaiti ni wa thamani kuliko ramani wakati wa kutafuta chanzo.

Mawimbi hukatika kwa namna mbili: ama hayafiki, ama yanafika yakiwa yamezamishwa na kelele za umeme. Namna ya kwanza hutokana mara nyingi na mahali antena ilipofungwa. Ganda la nyuzi za kioo hupitisha mawimbi vizuri, ilhali ganda la nyuzi za kaboni huyazuia, na rangi yenye chembechembe za metali nayo huyapunguza. Ikiwa setilaiti za upande mmoja tu hupotea ndege inapolala kwenye kona, basi kuna kitu kinachoikinga antena. Kebo nayo ina lawama zake. Antena nyingi zina kikuza mawimbi kinacholishwa umeme kupitia kebo ileile inayoleta mawimbi, hivyo pini iliyorudi nyuma kidogo ndani ya kiungio, au uzi mmoja wa ngao ya kebo unaogusa pini hiyo, huzima vyote viwili kwa pamoja kila injini inapotetemeka. Hapa mtu mmoja huitikisa kebo taratibu karibu na kiungio huku mwingine akitazama skrini. Nguvu za setilaiti zote zikiporomoka kwa mpigo, kosa limepatikana.

Namna ya pili ndiyo huwachosha watu. GPS ya kiraia hutumia masafa ya megahezi 1575.42. Redio ya mawasiliano ya rubani hutuma katika masafa ya chini sana kuliko hayo, lakini kila redio huvujisha pia vizidisho vya masafa yake: 121.15 mara 13 ni 1574.95, na 131.25 mara 12 ni 1575 kamili. Uvujaji huo ni mdogo mno mbele ya wati kadhaa zinazotumwa na redio, ila ni ngurumo mbele ya mnong'ono wa setilaiti. Kwa hiyo ndege ikiwa imeegeshwa mahali pa wazi, rubani huteua masafa kama hayo baada ya kuhakikisha hayana mtu anayeyatumia, hubonyeza kitufe cha kuzungumzia kwa nusu dakika hivi, na kutazama kama nguvu za setilaiti zinashuka. Zikishuka, asiilaumu redio mapema. Redio ya dharura, ile inayojiwasha ndege inapoanguka, huweza kunasa mawimbi ya redio kuu kupitia antena yake na kuyarusha upya yakiwa na vizidisho hivyo, ingawa yenyewe imezimwa. Kebo ya antena yake ichomolewe, jaribio lirudiwe, kisha irudishwe kabla ya kuruka.

Chaja za USB, kamera ndogo zilizobandikwa karibu na kioo na vidhibiti vya taa za LED hupiga kelele pia. Dawa yake ni uvumilivu: vyote vizimwe, GPS ibaki peke yake kwenye betri, kisha kimoja kimoja kiwashwe. Mtu anayewasha viwili kwa pamoja ili kuokoa muda huupoteza.

Iwapo kukatika kunatokea katika eneo lilelile kila safari, hata vifaa hivyo vikiwa vimezimwa, chanzo huenda kiko nje ya ndege. Hapo kinachofaa kusomwa kwanza ni matangazo rasmi kwa marubani kuhusu mwingiliano wa GPS katika anga hiyo, kabla ya bisibisi kuguswa.