Himofilia na kisu: maswali kabla ya tohara, kung'oa jino au upasuaji

Vigandisha damu ni nini?

Ni protini zilizomo kwenye majimaji ya damu, nyingi zikitengenezwa na ini, nazo hutajwa kwa namba za Kirumi hadi XIII. Mshipa ukikatwa, chembe sahani huziba tundu kwa muda. Kisha protini hizi huamshana moja baada ya nyingine mpaka faibrinojeni igeuke kuwa nyuzi za faibrini zinazokaza donge. Himofilia ni ugonjwa wa damu kushindwa kuganda vizuri kwa kupungukiwa na mojawapo: mwenye himofilia A amepungukiwa na namba VIII. Mwenye himofilia B, namba IX.

Damu ikishasimama, vina kazi gani tena?

Hapa ndipo wengi hukosea. Nyuzi za faibrini ndizo jukwaa ambalo seli za kinga na seli zinazojenga tishu mpya hutambaa juu yake. Donge likiwa legelege, huyeyuka kabla tishu hiyo haijashika, na damu huanza upya siku ya tatu, ya tano, hata baada ya wiki. Ikijikusanya chini ya mshono huzuia kingo za kidonda zisiungane, na bakteria hupata pa kuzaliana. Kwa hiyo kumpa mgonjwa dawa, yaani kigandisha alichopungukiwa, siku ya upasuaji tu hakutoshi.

Tutajuaje kabla ya kumpeleka mtoto tohara?

Angalia michubuko mikubwa isiyo na sababu, magoti yanayovimba, na mdomo unaovuja damu muda mrefu baada ya kujiuma. Ulizia pia wajomba na kaka: nani alitoka damu kupita kiasi alipotahiriwa? Lakini karibu theluthi ya wagonjwa hawana historia hiyo katika ukoo.

Maabara hupima muda wa damu kuganda kwa vipimo viwili, aPTT na PT: kwa himofilia, aPTT huwa ndefu na PT kawaida. Himofilia nyepesi huweza kupita bila kuonekana, hivyo omba kiwango cha namba VIII na IX kipimwe chenyewe. Upungufu wa namba XIII, ambao ni nadra, hauonekani kwa aPTT wala PT. Mara nyingi hujulikana kwa kitovu cha kichanga kinachovuja damu.

Dozi hukokotolewaje?

Uniti 1 ya namba VIII kwa kila kilo hupandisha kiwango chake katika damu kwa takriban asilimia 2 ya kile cha kawaida. Mtoto wa kilo 20 anayehitaji kufika asilimia 80 kutoka karibu sifuri atapewa 20 × 80 × 0.5, yaani uniti 800. Nusu huisha ndani ya saa 8 hadi 12, ndiyo maana hurudiwa. Namba IX hupandisha asilimia 1 tu, ila hudumu zaidi. Baada ya upasuaji mkubwa kiwango hushushwa polepole kwa siku 7 hadi 14. Kisipopanda licha ya dozi sahihi, apimwe kingamwili zinazoua dawa.

Na nyumbani?

Maumivu yatulizwe kwa parasetamoli. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni hudhoofisha chembe sahani, na sindano ya msuli huacha damu ndani ya nyama. Aliyeng'olewa jino ale vyakula laini vilivyopoa, asichokonoe pengo. Daktari huweza kuongeza asidi ya traneksamiki ili donge lisiyeyuke mapema, ila isitumike kama mkojo una damu.

Shingo au sakafu ya mdomo ikivimba, au akishindwa kumeza, msisubiri asubuhi.