Terrier: vichwa vya treni vilivyookolewa na wepesi wao

Kati ya vichwa 50 vya aina ya Terrier vilivyoundwa Brighton, kusini mwa Uingereza, kuanzia 1872 hadi 1880, 10 vipo hadi leo. Kwa mtu wa maboila kama mimi hiyo ni hesabu ya ajabu, maana mashine ya mvuke ikishachoka huishia kwenye chuma chakavu. Wengi hudhani vimebaki kwa sababu vinapendeza. Vinapendeza kweli, lakini mkata vyuma hajali sura. Vilipona kwa kuwa vyepesi.

Mbunifu wake, William Stroudley, alitaka kichwa cha kuvuta abiria wa London kwenye njia zenye kona nyingi, vituo vya karibu karibu na reli dhaifu. Akaunda kitu cha magurudumu sita, tani 28 hivi, kisicho na behewa la makaa nyuma yake. Maji hukaa kwenye matangi mawili ubavuni mwa boila, makaa nyuma ya dereva. Faida yake ni kwamba kinakwenda mbele na nyuma bila kugeuzwa. Hasara yake ni kwamba maji ni machache, na kadiri yanavyopungua ndivyo uzito unaokandamiza magurudumu kwenye reli unavyopungua, hivyo huteleza kirahisi.

Kuna jambo moja la Stroudley ambalo fundi hulifurahia. Baadhi ya mvuke uliokwisha kazi aliurudisha kwenye matangi, ukapasha maji joto kabla hayajaingia kwenye boila, na mvuke ukapungua ndani ya mahandaki. Lakini injekta, ile inayosukuma maji kwa nguvu ya mvuke, hukataa maji ya moto. Ikabidi aweke pampu zinazoendeshwa na mwendo wa pistoni, maana yake ni kwamba treni ikisimama, pampu nayo inasimama.

Mwanzoni mwa karne ya 20 treni za London zilikuwa zimewazidi nguvu, na umeme ulikuwa unaingia. Vingi vikakatwa. Vingine vikauzwa kwa kampuni ndogo za reli, au vikapelekwa kwenye njia za mashambani. Njia ya Hayling Island, kisiwa kidogo cha pwani ya kusini mwa Uingereza, ndiyo mfano bora: ilivuka bahari pale Langstone kwa daraja la mbao ambalo halikuweza kubeba kichwa kizito zaidi. Mpaka njia hiyo ilipofungwa Novemba 1963, Terrier ndizo zilizokuwa zikivuta abiria wa pwani. Daraja bovu likawa mlinzi wao.

Kimoja, Stepney cha 1875, kilinunuliwa 1960 na watu wa reli ya Bluebell, reli ya kitalii ya treni za mvuke, kwa pauni 750, mabehewa mawili yakiwa ndani ya bei hiyo. Kingine, Freshwater, kilisimamishwa nje ya baa huko Hayling kama bango la biashara, kikapigwa na chumvi ya bahari hadi 1979, kilipohamishiwa kisiwa cha Wight. Sijui fundi gani angependa kupokea boila iliyolala hivyo!

Maana kutunza mashine hii ni kutunza boila, mengine yote ni mapambo. Tanuri la ndani ni la shaba nyekundu, ganda la nje ni chuma, na vitu hivyo viwili havitanuki sawa vinapopata moto. Kati yao kuna mamia ya boliti zinazovishikilia, na ndizo zinazokatika kimyakimya. Mkaguzi hugonga boliti moja moja kwa nyundo ndogo na kusikiliza: nzima hulia, iliyopasuka hutoa sauti iliyokufa. Baada ya takriban miaka 10 ya kazi, boila hutolewa, mabomba yote huchomolewa na kila kitu hukaguliwa upya. Matangi huanza kuoza chini, pale maji na tope hukaa. Mapya huunganishwa kwa kuchomelea, kisha wengine hubandika vichwa vya ribiti, zile pini za chuma za kuunganishia mabati zamani, kwa urembo tu. Mimi sioni ubaya, ilimradi kumbukumbu ya kazi iseme ukweli.

Ule wepesi uliowaokoa sasa unawabana. Behewa moja la abiria la miaka ya 1950 lina tani zaidi ya 30, yaani linakizidi uzito kichwa chenyewe. Reli ya Bluebell imerefushwa hadi East Grinstead tangu 2013, na treni ya wageni ya mabehewa matano kwenye mwinuko haiwezekani kwa Terrier. Kichwa cha namna hii kinahitaji mabehewa mawili matatu ya mbao na njia isiyo na haraka. Reli ya Kent na East Sussex, nayo ya kitalii siku hizi, iliyojengwa nyepesi tangu mwanzo na iliyonunua Terrier yake ya kwanza 1901, inavifaa zaidi.

Kama unataka kujua Stroudley alichora nini hasa, nenda York ukaone Boxhill kwenye makumbusho ya taifa ya reli. Hakiwaki moto. Lakini wenzake wengi walibadilishiwa boila kuanzia 1911, pua ya mbele ikarefuka, ilhali hiki kina umbo la zamani, na unaweza kusimama karibu ukakichunguza bila mtu kukuharakisha.